Inchi Arobaini na Tatu za Baba

Baba yangu aliendesha winchi bandarini Kigoma mpaka alipostaafu, na mikono yake ndiyo iliyokuwa heshima yake mjini. Wazee wa Ujiji bado wanasimulia alivyokuwa akiteremsha gari kutoka melini hadi gatini bila kulitikisa. Kiharusi kilipomkamata, hakikugusa mdomo wake, ingawa sote nyumbani tungevumilia mdomo ule upumzike kidogo. Kilichukua mkono wa kulia, na mguu kwa muda.

Hospitalini walimpa mpira mdogo wa sponji, auminye kutwa. Aliuminya siku ya kwanza kwa adabu, ya pili akautupia paka wa jirani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniita pembeni akanieleza bila kuficha: mkono ule usipofanyishwa kazi kila siku, vidole vitajikunja na havitafunguka tena. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nikiogopa huwa nakasirika, na mama yangu ndiye anayejua tofauti.

Ndipo mume wangu akaleta gemu.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi iliyoanza 2015. Warundi walikuwa wakishuka ziwani kwa maboti, mji umejaa magari meupe ya mashirika, na kodi za nyumba zimepanda hadi wenyeji tukawa tunahamia vyumba vya nyuma na kupangisha vya mbele. Mume wangu ni mtu wa Tunduru, kusini kabisa. Serikali ilimleta Kigoma kuandikisha wakimbizi, akanikuta nashona nguo mtaa wa Mwanga, na mengine yakafuata. Juma zima alikuwa kambini, Ijumaa jioni anarudi kwetu Buzebazeba na vumbi hadi kwenye kope. Jumamosi tunakwenda Ujiji kuwasalimu wazee.

Mashine ya gemu aliinunua kwa mfanyakazi mwenzake aliyemaliza mkataba. Aliifunga kwenye televisheni ya baba, akampa pedi, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili chenye vitufe na vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba. Baba alivitazama vile vijiti kwa muda. Akasukuma kimoja mbele, akakirudisha.

"Hii ni winchi," alisema.

Tangu siku hiyo Jumamosi zikawa za mpira wa gemu. Baba kwenye kiti chake, mkwe wake kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka nashona kwa mkono mapindo ya blauzi za watu. Mama yangu haketi chumba kimoja na mkwe wake. Alilelewa hivyo Kasulu na hajabadilika. Kwa hiyo alikaa nyuma ya pazia la mlango wa ndani na uzi wake wa kufuma, na kila tukipiga kelele anauliza, "Nani kafunga?"

Kila mara jibu lilikuwa moja: baba kafunga. Alimfunga mkwe wake Jumamosi kwa Jumamosi, na mimi nilifurahi kiasi cha kusahau sindano mdomoni. Vidole vyake vilianza kufunguka. Siku moja nilimwona anajifunga kifungo cha kanzu mwenyewe, nikatoka uani nikalia nyuma ya pipa la maji, halafu nikarudi nikamgombeza kwa kukifunga vibaya.

Tatizo lilikuwa televisheni yenyewe. Ilikuwa ya chogo, zile nene zenye mgongo, na juu ya mgongo mama alitandika kitambaa alichofuma na kuweka ua la plastiki. Kwa taarifa ya habari ilitosha. Kwa gemu ilikuwa mateso. Wachezaji wote walikuwa na uso mmoja, namba za mgongoni hazisomeki, na mpira ukipigwa juu unapotea kwenye ukungu hadi utakapoamua kurudi. Baba alikuwa akiinama mbele na kukaza macho mpaka yanatoka machozi. Baada ya muda akaanza kuacha mapema. "Kichwa kinaniuma," anasema, anaweka pedi chini. Jumamosi moja hakuishika kabisa.

Nikaamua baba anunuliwe televisheni nyingine, na nikaanza kujifunza habari zake kama ninavyojifunza kitambaa kigeni kabla ya kukikata. Fundi mmoja wa televisheni pale Mwanga alinieleza habari za vidoti, kwamba picha yote ni vidoti, na kadiri vinavyokuwa vingi ndivyo picha inavyokuwa safi. Nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia. Ni nyuzi tu. Televisheni kubwa yenye vidoti vichache ni chandarua: ukikaa karibu unaona matundu. Sebule ya wazee wangu ni ndogo, kutoka kitini hadi ukutani ukinyoosha miguu mara mbili umefika, kwa hiyo ukubwa usingetusaidia kitu bila wingi wa nyuzi.

Nilimweleza mume wangu haya yote kwa msisimko, nikitegemea atafurahi. Hakufurahi.

"Mzee amezoea ile ya chogo," alisema.

"Ile ya chogo inamtoa machozi."

"Basi tumtafutie ndogo. Inchi kumi na tisa. Kubwa itamuumiza macho."

Nilimwangalia. Mtu huyu si bahili. Kambini mshahara wake ulikuwa ukiyeyuka kwa maziwa ya watoto wa watu wasiojuana naye. Lakini kila televisheni niliyoitaja aliipata kasoro. Ya inchi thelathini na mbili itakula umeme. Ya arobaini na tatu haitaenea. Tulikwenda kuona moja iliyotumika, ya mgeni wa shirika aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Alikuwa ameiacha kwenye stesheni moja ya habari miaka yote, hadi ile alama ya kona ya juu imejichora kwenye kioo na haifutiki. Mimi nilisema haifai. Mume wangu akasema inafaa sana, tena hiyo hiyo tuichukue. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Sema ukweli," nilimwambia tulipofika nyumbani. "Baba yangu amekukosea nini hata unataka atazame mpira kwenye kioo kilichochorwa?"

Alikaa kizingitini akavua viatu taratibu. "Akiona vizuri," alisema, "ataona."

"Ataona nini?"

"Ataona kwamba namwachia."

Sikuelewa mara moja, ikabidi anieleze. Kwao, kama kwetu, mkwe hapiti mbele ya baba mkwe, hapandishi sauti, hali kabla yake. Sasa angeanzaje kumpiga mabao mzee wa watu, sebuleni kwake, mkewe anasikiliza nyuma ya pazia? Mabao yote yale alikuwa ameyatoa yeye. Golikipa wake alikuwa akimsogeza pembeni kwa makusudi kila baba anapokaribia. Kwenye ukungu wa televisheni ya chogo hakuna ambaye angeona. Kwenye televisheni safi, hata mama angeona.

"Na mzee akijua," alisema mume wangu, "ataiweka ile pedi chini na hataishika tena. Unamjua."

Namjua. Ni mtu aliyekataa kushikwa mkono kuingia chooni wakati mguu wake wote unaburuta. Hasira yangu ilikosa pa kukaa. Nilimpenda mume wangu sana jioni ile, na papo hapo nilitaka kumpiga na kiatu chake. Tusiponunua, macho yatamshinda baba na ataacha kucheza. Tukinunua, ataona anachezewa, ataacha kucheza. Vyovyote vile mkono ulikuwa unalala.

Aliyeamua ni baba. Mama alikuwa amesikia habari za televisheni, na kwa mama habari hazilali. Jumamosi iliyofuata tulimkuta baba amevaa kanzu iliyopigwa pasi na viatu vya msikitini, mashine ya gemu ameifunga kwenye kikapu cha sokoni.

"Mwakeye," alitusalimu kwa Kiha, jambo ambalo hulifanya akiwa na furaha. "Haya, twende dukani. Siwezi kununua kitu nisichokijaribu."

Mwenye duka alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti nyembamba. Ile miaka alikuwa na televisheni ukuta mzima, kwa sababu ya wafanyakazi wa mashirika. Aliziwasha zote kwa pamoja, zikaanza kuonyesha kasuku na samaki wa rangi ambazo hata kanga hazina.

"Hawa samaki si wa hapa," baba alisema. "Mimi najua mgebuka na dagaa. Zima, niwekee mpira."

Ilibidi mashine itolewe kikapuni. Kwanza aliwekewa kubwa kuliko zote, inchi hamsini na tano, na mwenye duka akaisifia kwamba vidoti vyake ni mara nne ya zile za kawaida. Nikamuuliza kama mashine yetu, ambayo ni ya zamani, inaweza kutoa picha ya vidoti vyote hivyo. Akajikuna kidevu akakubali kwamba haiwezi. Televisheni itainyoosha tu picha kujaza nafasi. Hapo nikajua tungelipia nyuzi ambazo hatutazivaa. Baba yeye alikuwa na shauri lake jingine. Alibonyeza kitufe, akangoja, akabonyeza tena.

"Inafikiria kwanza," alisema. "Nabonyeza, inafikiria, ndiyo mtu anapiga. Kwa winchi ya namna hii ningeshaua watu gatini."

Mwenye duka alikiri kuna televisheni zinazochelewa, kwa kuwa zinaipamba picha kabla ya kuionyesha. Akaingia kwenye mipangilio akatafuta mahali pa gemu, akazima mapambo. Ikawa nafuu, lakini baba hakuipenda tena. Ile ya thelathini na mbili ilikuwa nyepesi kuitika, ila niliposimama pembeni rangi zilichujuka kama kanga iliyofuliwa kwa jiki, na kiti cha baba kiko pembeni, karibu na dirisha, ili ashike nondo kwa mkono wake mzima akiinuka. Ya arobaini na tatu ilivuka mitihani yote miwili. Picha haikuchujuka, na kitufe kilipobonyezwa mtu alipiga hapo hapo. Namba za mgongoni zilisomeka. Baba alisoma moja baada ya nyingine kwa sauti, na watu dukani wakageuka.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni anatazama barabara.

"Tucheze kidogo, mzee," mwenye duka akasema, akachukua pedi ya pili. Hakuna aliyemwomba. Alimfunga baba bao. Akamfunga la pili kabla baba hajajipanga, na la tatu huku akihudumia mteja wa nyaya. Nilishika pindo la gauni langu. Baba alitazama kioo, halafu akageuza shingo polepole kumtazama mkwe wake kule mlangoni.

"Ananifunga huyu," alisema baba.

"Ndiyo, baba," mume wangu alijibu.

"Wewe hunifungi."

Mume wangu akarudi kutazama barabara. Baba akamwambia mwenye duka aifunge ile ya arobaini na tatu vizuri, barabara ya Ujiji ina mashimo.

Nyumbani mama alisikitika kwamba kitu chembamba namna ile hakina mahali pa kutandika kitambaa. Alizunguka nacho sebuleni kabla mkwe wake hajaingia, akaishia kukitandika kwenye meza chini yake, akajificha nyuma ya pazia na manung'uniko. Jua lilikuwa linashukia upande wa ziwa, linaingia mlangoni moja kwa moja hadi ukutani, na kufunga mlango mchana kwetu hakufanyiki, majirani watakuja kuuliza nani amefariki. Tukahamisha meza mpaka kioo kikaacha kutuonyesha sura zetu. Kisha wakaanza.

Nilikuwa nimeshika blauzi ya mtu na sikuwa nimechoma sindano hata mara moja. Baba alipata mpira, akakimbia nao, akapiga shuti hafifu. Bao. Kwa kawaida huruka marudio kwa kubonyeza kitufe. Safari hii aliyaacha. Kwenye kioo kile, taratibu, kwa rangi zote, tulimwona golikipa wa mume wangu akiutazama mpira unakuja, akapiga hatua mbili kuukimbia.

"Nani kafunga?" mama aliuliza nyuma ya pazia.

Baba aliweka pedi chini, juu ya mkono wa kiti, kwa uangalifu mno.

"Mkwe," alisema. "Kule kambini kazi yako ni ipi?"

"Naandikisha watu, baba."

"Wanakuja wamepoteza vitu vyao."

"Ndiyo, baba. Wengine vyote."

"Na wewe unawaonea huruma."

"Ndiyo."

"Vizuri. Waonee. Mama yangu mzazi alivuka ziwa hili kutoka Kongo na kitoto mgongoni, na kuna mtu alimwonea huruma, ndiyo maana niko hapa." Aliuinua mkono wa kulia kwa kuutegemeza na wa kushoto, akautazama. "Lakini huu ukiuonea huruma, utajuaje kama umepona?"

Mume wangu aliinamisha kichwa. Alikuwa na macho mekundu, na sidhani ni vumbi la kambi.

"Nifunge," baba alisema.

"Siwezi, baba."

Baba akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada. Alijishikilia kwenye kiti, akateremka. Nikainuka kumsaidia, akanizuia kwa jicho. Alishuka mpaka chini, akaketi mkekani karibu na vitambaa vyangu, akanyoosha mguu.

"Kile ni kiti cha baba mkwe," alisema. "Hakina mtu. Hapa ameketi mtu wa bandarini tu. Shuka kwenye hicho kigoda uje unifunge."

Mume wangu akashuka. Akamfunga. Mwanzoni alifunga kama mtu anayetoa sindano kwenye kidonda, na kila bao akisema "samahani, baba," mpaka baba akamwambia akisema tena samahani atamfukuza. Mama aliuliza nani kafunga, baba akapaza sauti kwa fahari, "Mkwe wako!" Mama akasema, "Yoo!" na uzi wake ukaanguka, tukauona unabingirika chini ya pazia.

Hakukuwa na Jumamosi nzuri upesi baada ya hapo, nisidanganye. Baba alifungwa sana. Alifungwa mvua ikinyesha na jua likiwaka. Siku nyingine alishindwa hata kuvuka katikati ya uwanja, akawa anapumua kwa nguvu, na mimi nikawa nawachukia wote wawili, mmoja kwa kufunga na mwingine kwa kutaka kufungwa. Lakini pedi haikuwekwa chini. Katikati ya juma alicheza peke yake dhidi ya mashine, mama akaniambia, mpaka anasahau chai. Macho hayakumtoa machozi tena. Dole gumba lililokuwa limekufa ganzi likaanza kukisukuma kile kijiti mbele na kukirudisha, kwanza kama mtu aliyelewa, kisha kwa mpango.

Siku mambo yalipogeuka, mume wangu alikuwa amechoka. Juma lile boti nyingi zilikuwa zimeingia na hakuwa amelala ipasavyo. Alikuwa anaongoza kwa bao moja na alitaka kumaliza. Baba alipokonya mpira pembeni. Akaupeleka upande wa kushoto, golikipa akafuata, na kwa dole la mkono wa kulia, ule ule, akaurudisha kulia. Golikipa wa mume wangu alijirusha. Alijirusha kweli, kwa urefu wake wote, nikaona hata vidole vya glavu vimenyooka. Hakuufikia.

Mume wangu aliruka kutoka mkekani, akaipigiza pedi pajani, akatoa neno la Kiyao, lugha ya kwao, ambalo sikuwa nimewahi kulisikia, na ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Lilikuwa refu. Alilitoa lote, kwa sauti, kwa hasira ya mtu aliyeibiwa, mbele ya baba mkwe wake na mama mkwe nyuma ya pazia. Ndipo akasikia alichokisema. Akaganda na mkono mdomoni.

Baba hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anamtazama mume wangu usoni, anamchunguza kwa makini, kipande kwa kipande, na mume wangu maskini hakuwa na pa kuuficha uso ule. Hasira ilikuwa bado imejaa.

"Nani kafunga?" mama aliuliza.

Machozi yalikuwa yakimshuka baba hadi ndevuni, naye anacheka.

"Umesikia alivyonitukana?" alimwambia mama. "Umemsikia? Amenitukana kweli kweli."